Jinsi ya kupima kifundo cha mkono kwenye eksirei (na utrasaundi kidogo): mwongozo kamili, kuanzia bega mpaka milimita

Kabla hujachora mstari wowote kwenye picha, uliza bega lilikuwa wapi. Najua inasikika kama utani, tunapima kifundo cha mkono sasa bega linaingiaje, ila hapo ndo namba nyingi zinapoharibikia na mi mwenyewe lilishanikuta. Nilikuwa bado mgeni kazini, ikaja picha ya dada mmoja aliyedondoka kwenye bodaboda, hajavunjika popote ila anaumia upande wa kidole kidogo, nikapima nikaona alna (mfupa wa upande wa kidole kidogo) imeipita radiasi (wa upande wa dole gumba) kwa milimita mbili na ushee, nikaandika bila wasiwasi. Daktari wa mifupa akaitazama ile picha kidogo tu akaniuliza, "Huyu alikaa vipi?" Nikaenda kuulizia, kumbe mkono ulinyooshwa tu mezani kutoka kwenye kiti kirefu, kiganja chini, basi. Ikapigwa nyingine, safari hii kiti kimeshushwa mpaka bega, kisugudi na mkono viko usawa mmoja na meza, tofauti haikufika hata nusu milimita. Mfupa uleule, asubuhi ileile.

Kwa hiyo nusu ya mwongozo huu ni kuangalia mkono ulivyolala, nusu ndo kuchora. Ukiruka ile ya kwanza usihangaike na ya pili.

Naandika kwa ajili ya intani, wanafunzi wa radiografia, maklinikal ofisa, watu wa fiziotherapia, na yeyote ambaye kakutana na ripoti imejaa digrii akabaki anajiuliza zimetoka wapi. Tunapima mkono wa kawaida wa mtu mzima, usiovunjika, maana usipoujua mzima huwezi kujua uliopinda umepinda kiasi gani. Tumia picha ambazo tayari zilipigwa kwa sababu ya matibabu, futa jina na namba ya faili, na tafadhali usijipige eksirei ili upate ya kufanyia mazoezi, mionzi siyo ya kuchezea hata kama ya mkono ni kidogo.

Majina kwanza tusije tukapotezana

Ukisema kiwiko mmoja atashika kisugudi mwingine atashika pale pa kuvaa saa, wazee wengine wanapaita kilimbili, ndo maana hapa nasema kifundo cha mkono na habari imeisha. Mifupa miwili mirefu ya mkono wa chini ni radiasi, ya upande wa dole gumba, na alna, ya upande wa kidole kidogo. Alafu kuna vile vimifupa nane kwenye safu mbili. Safu ya karibu na mkono wa chini, ukianzia upande wa dole gumba: skafoidi, lunati, trikwetramu, pisifomu. Safu ya karibu na vidole: trapeziamu, trapezoidi, kapiteti, hameti. Nilivyozikariri mimi ni "Salma Leo Tupikie Pilau, Tukishiba Tutakunywa Kahawa Hapa", we ukipata yako nzuri zaidi itumie. Mbele ya hapo ni metakapo, mifupa mitano ya kiganja, na tutaihitaji ya tatu, ile inayobeba kidole cha kati.

Vitu vya kuwa navyo

Laptopu, na programu ya kufungulia faili za DICOM, yaani picha halisi za dijitali kutoka mashine ya hospitali. Kwenye Windows wengi wanatumia RadiAnt, kwenye Mac kuna Horos, Weasis ni ya bure na inaenda karibu kila mashine, na ImageJ ya bure pia inafaa sana ukitaka kupima tu bila mbwembwe. Unachohitaji humo ni vitufe vitatu: mstari wa urefu, pembe, na kama ipo ile pembe ya Cobb ambayo inakuruhusu kuchora mistari miwili isiyogusana ikakupa pembe kati yao. Hiyo ya tatu itakuokoa sana kwenye picha ya pembeni.

Sasa swali la kila siku: naweza kupima kwenye picha niliyotumiwa WhatsApp? Jibu langu ni pembe unaweza, milimita hapana. Picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye filamu iliyobandikwa dirishani haina skeli, programu haijui pikseli moja ni milimita ngapi, itakupa namba ya pikseli na we utadanganyika. Na hata pembe ni pale simu ilipokuwa imenyooka sambamba na filamu, ikiinama kidogo tu kila kitu kinavutwa upande mmoja. Uwiano wa urefu kwa urefu nao unapona kwa sharti hilohilo, nitaurudia mbele.

Kwenye faili halisi la dijitali skeli imo ndani, ila inahesabu ukubwa pale kwenye kitako cha kupokelea picha, siyo pale mfupa ulipo. Kwa bahati nzuri mkono unalala juu kabisa ya kitako kwa hiyo ukuzaji ni mdogo. Piga hesabu mwenyewe: tyubu inayotoa mionzi ikiwa sentimita 100 juu ya kitako na mfupa uko sentimita 3 juu yake, picha inakuzwa mara 100 kugawa kwa 97, yaani kama asilimia 3, kitu cha milimita 11 kinasomeka 11.3. Hilo la kifundo cha mkono halinisumbui. Kwa nyonga ndo ningepiga kelele. Ukitaka uhakika kabisa, kitufe cha chuma chenye kipenyo unachokijua kiwekwe pembeni ya mkono usawa wa mfupa wakati wa kupiga, alafu unakipima kwenye picha na kusahihisha.

Hatua ya 1: kagua picha ya mbele kabla ya kuipima

Picha ya kwanza inaitwa PA, mionzi inaingia mgongoni mwa kiganja na kutokea kiganjani. Mkao sahihi: bega limefunguliwa pembeni digrii 90, kisugudi kimekunjwa digrii 90, mkono wote uko usawa wa meza, kiganja chini, vidole havijakunja ngumi. Kwa nini yote hayo? Radiasi inaizunguka alna kila unapogeuza kiganja. Mkono ukigeuzwa kiganja chini kupita kiasi, alna inaonekana imesogea mbele, ukigeuzwa kiganja juu inaonekana imerudi nyuma, na ukikunja ngumi kwa nguvu inasogea mbele tena. Mtu aliyekaa kwenye kiti kirefu na kuushusha mkono mezani, kiganja kikilala chini tayari amegeuza kuliko inavyotakiwa. Ndo kilichomtokea yule dada, au niseme ndo kilichonitokea mimi.

We hukuwepo chumbani, utajuaje? Picha inajieleza. Angalia vitu hivi:

Metakapo ya tatu iwe kwenye mstari mmoja na radiasi. Ikiwa imelala kuelekea dole gumba, skafoidi inajikunja na kuonekana fupi yenye duara kama pete, ikilala kuelekea kidole kidogo skafoidi inanyooka ndefu. Zote mbili ni za kawaida kwa mkao huo, ila vipimo vyako vya vimifupa vinayumba.

Ile ncha ya alna, stailoidi, iwe imekaa ukingoni kabisa upande wa nje. Ukiiona imelala katikati ya kichwa cha alna, mkono uligeuka. Kuna na kialama kingine kizuri zaidi, mfereji mdogo wa ile kano inayopita mgongoni mwa alna, unaonekana kama kijishimo chenye ukingo mweupe: kwenye PA nzuri huwa upande wa radiasi ukilinganisha na katikati ya stailoidi. Mwanzo hutauona, angalia picha kama ishirini hivi, ghafla utaanza kuuona kila mahali.

Na mfupa wa radiasi uonekane angalau sentimita 5 hivi kurudi nyuma. Picha iliyokatwa fupi haina mhimili, yaani mstari wa katikati ya mfupa, na bila mhimili kila kipimo kinachofuata ni kubahatisha.

Kama picha imefeli haya, andika "mkao haufai kwa vipimo" na uishie hapo. Siyo kila picha lazima ipimwe jamani.

Hatua ya 2: chora mhimili wa radiasi

Hapa usiwe na haraka. Nenda nyuma ya kiungo kama sentimita 3, chora mstari wa kukata upana wa radiasi, weka nukta katikati. Nenda nyuma zaidi, kama sentimita 6 au mwisho wa picha, fanya vilevile. Unganisha nukta mbili na uvute mstari mpaka upite kwenye kiungo. Huo ndo mhimili. Kosa la watu wengi ni kuweka nukta zote mbili karibu na kiungo pale mfupa unapopanuka, au kuchora kwa macho kufuata ukingo mmoja, sasa kwa sababu mfupa umepanuka upande mmoja mstari unainama digrii tatu nne bila we kujua na hizo digrii zinaingia kwenye kila namba utakayotoa baadaye.

Hatua ya 3: mteremko, urefu, na kujikagua mwenyewe

Uso wa radiasi unateremka kutoka upande wa dole gumba kwenda upande wa alna. Kupima: chora mstari unaokata mhimili kwa digrii 90 na unaopita kwenye kona ya radiasi ya upande wa alna. Chora wa pili kutoka kwenye kona hiyohiyo mpaka ncha ya stailoidi ya radiasi. Pembe kati yao ndo mteremko, watu wa mifupa wanaita inklinesheni. Wastani ni kama digrii 22 mpaka 23, na watu wazima wazima kabisa wanaangukia mahali popote kati ya 13 na 30, wengi wako 19 mpaka 25.

Hiyo kona sasa, kona gani? Ukikuza picha utaona kona ni mbili, moja ya mbele upande wa kiganja na moja ya nyuma upande wa mgongo wa mkono, kwenye picha zinatofautiana kidogo kwa sababu uso wenyewe umeinama. Watu wawili wakichagua kona tofauti watabishana mpaka kesho. Suluhu iliyozoeleka ni kuchukua katikati ya hizo mbili, na muhimu kuliko yote ni kwamba uliyochagua leo uichague na kesho.

Urefu wa radiasi unatoka kwenye mistari hiyohiyo: vuta mstari mwingine wa digrii 90 kwa mhimili, upite kwenye ncha ya stailoidi, pima umbali kati yake na ule wa konani. Wastani milimita 11 mpaka 12, kawaida inatembea kati ya 8 na 14, wapo na wa zaidi. Angalia usije ukachukua kichwa cha alna badala ya kona ya radiasi, wapo wanaofundisha hivyo, ila ukifanya hivyo umechanganya vipimo viwili kwenye kimoja na alna ikiwa fupi au ndefu inakuharibia.

Sasa ujanja ambao mimi nautumia kila siku na sijaona watu wengi wakiutaja. Mteremko na urefu ni pembetatu moja, kwa hiyo vinachungana. Pima upana wa radiasi kwenye uso wa kiungo, sambamba na ule mstari wa digrii 90, zidisha kwa tanjenti ya mteremko. Tanjenti ya digrii 22 ni 0.40, radiasi ya upana wa milimita 28 inatakiwa ikupe urefu wa 11.3. Kama umepima 11 au 12, safi. Kama umepima 15, kuna nukta umeiweka pabaya, rudi ukaitafute kabla mwingine hajaiona.

Hatua ya 4: alna imezidi au imepungua

Hiki ndo kipimo kinachotaka heshima zaidi kwa sababu tunaongelea milimita moja moja. Chora mstari wa digrii 90 kwa mhimili, upite kwenye ukingo wa uso wa radiasi upande wa alna, ule ukingo mweupe mzito wa mfupa. Pima kutoka hapo mpaka kilele cha kichwa cha alna. Kichwa, siyo stailoidi! Stailoidi inachomoza milimita kadhaa na kuna watu wanapimia pale alafu wanashtuka. Alna ikipita mbele ya mstari ni chanya, ikibaki nyuma ni hasi, zikilingana ni sifuri. Kawaida inacheza kati ya hasi 2 na chanya 2.

Zipo njia nyingine, kama ile ya miduara iliyoandikwa na Palmer mwaka 1982, unalinganisha mkunjo wa uso wa radiasi na miduara iliyochorwa kwenye plastiki. Kwenye kompyuta hii ya mstari inatosha na ndo rahisi kuirudia.

Umuhimu wake? Mwaka 1910 Robert Kienböck wa Vienna alieleza ugonjwa wa lunati kufa na kubonyea, na mwaka 1928 Hultén wa Sweden akaona kwamba wengi wa wagonjwa wa namna hiyo alna zao ni fupi. Ila alna fupi peke yake siyo ugonjwa, kuna watu kibao wanayo na wanapiga kazi za shamba miaka yote bila shida. Alna ndefu nayo inahusishwa na kugongana na lunati kule ndani. Ndo maana nasema usiandike chanya 2 kwenye picha ya mkao mbaya, mtu anaweza kupelekwa njia ambayo si yake.

Hatua ya 5: matao matatu na nafasi

Hapa unatumia jicho zaidi ya rula. Louis Gilula, mwanaradiolojia wa Marekani, mwaka 1979 alitoa njia ya kuchora matao matatu. La kwanza linafuata migongo ya skafoidi, lunati na trikwetramu upande wa radiasi. La pili linafuata matumbo ya mifupa hiyohiyo mitatu upande wa pili. La tatu linafuata vichwa vya kapiteti na hameti. Kwenye mkono mzima kila tao linateleza bila kukatika, kama umechora kwa mkono mmoja bila kuinua kalamu. Likivunjika au likiruka ngazi, simama hapohapo. Tao la kwanza linaweza kuonekana na kijingazi kwa watu wengine pale lunati na trikwetramu zinapokutana kutokana tu na umbo lao, ndo usiandike janga kabla hujatazama na mkono wa pili.

Nafasi kati ya skafoidi na lunati pima katikati ya urefu wa kiungo, pale kuta mbili zinapoenda sambamba, siyo juu wala chini. Chini ya milimita 2 ni kawaida, kuanzia 3 kwenda juu unaanza kushuku ligamenti inayoziunganisha imechanika. Kati ya hapo linganisha na nafasi za vimifupa jirani na za mkono mwingine. Kwa watoto usipime kabisa hii, vimifupa vyao bado ni gegedu kwa sehemu kubwa na gegedu haionekani kwenye eksirei, nafasi inaonekana kama pengo la meno wakati hakuna kitu.

Hatua ya 6: uwiano wa kimo

Huu ndo ule uwiano niliosema unapona hata kwenye picha isiyo na skeli. Pima kwenye mhimili wa metakapo ya tatu kutoka uso wa radiasi mpaka kitako cha metakapo hiyo, hicho ni kimo cha vimifupa. Gawa kwa urefu wa metakapo ya tatu. Youm na wenzake mwaka 1978 walipata 0.54, kuongeza au kupunguza 0.03. Mfano kimo 35 na metakapo 65 inakupa 0.538, mkono umetulia. Shida yake ni kwamba picha nyingi za kifundo zinakata metakapo katikati, kwa hiyo mwaka 1994 Nattrass na wenzake wakabadilisha, gawa kimo kwa urefu wa kapiteti, kawaida 1.57, kuongeza au kupunguza 0.05. Mimi natumia huu wa pili, kapiteti haikosi kwenye picha.

Hatua ya 7: picha ya pembeni

Hii ndo inayowatoa watu jasho, vimifupa vyote vimelaliana kama sufuria kabatini. Bega safari hii limeshushwa ubavuni, kisugudi digrii 90, kifundo kimenyooka hakijakunjwa mbele wala nyuma.

Kukagua kama ni ya pembeni kweli, tafuta vitu vitatu upande wa kiganja: ukingo wa mbele wa pisifomu, ukingo wa mbele wa ncha ya skafoidi, na ukingo wa mbele wa kichwa cha kapiteti. Pisifomu iwe katikati ya hao wawili. Ikitoka nje ya hapo mkono uligeuka. Ikishindikana kuona pisifomu, punguza mwanga na ongeza kontrasti, huwa imejificha palepale mbele kama punje ya njegere.

Mwinamo wa radiasi: chora mhimili kwa nukta mbili kama mwanzo, chora mstari wa digrii 90, alafu unganisha mdomo wa nyuma na mdomo wa mbele wa uso wa radiasi. Mdomo wa nyuma huwa umechomoza zaidi kuelekea vidoleni, kwa hiyo uso unatazama kiganjani kidogo. Wastani digrii 11, na wengi wako kati ya 2 na 20. Uso ukitazama mgongoni mwa mkono badala ya kiganjani, andika kwa alama ya kutoa, na hapo tena siyo mkono wa kawaida. Mtego ni stailoidi ya radiasi, inapita juu ya kila kitu kama kivuli chenye ncha, mgeni anaweka nukta kwenye ncha yake akidhani ndo mdomo. Fuata mstari mweupe mzito wa uso wa kiungo, siyo kivuli.

Sasa lunati. Ina umbo la mwezi mchanga na pembe mbili zinaukumbatia mpira wa kapiteti. Unganisha ncha za hizo pembe mbili kwa mstari, alafu chora mwingine wa digrii 90 kwake, huo wa pili ndo mhimili wa lunati. Kwa skafoidi usijitese kutafuta katikati yake, chora mstari unaogusa matuta yake mawili ya upande wa kiganja, la juu na la chini. Pembe kati ya skafoidi na lunati: kawaida 30 mpaka 60, katikati yake kama 47. Ikipita 70 hivi na lunati ikawa inatazama mgongoni mwa mkono, au ikishuka chini ya 30, ita mkubwa aangalie. Kapiteti na lunati zisizidi digrii 30, na lunati na radiasi zikae ndani ya 15 kila upande.

Ila kumbuka lunati haitulii, mkono ukikunjwa nyuma kidogo tu lunati nayo inafuata, ukilazwa kuelekea dole gumba inainama mbele. Mara nyingi "lunati imepinda" ni kifundo kilichokunjwa tu wakati wa kupiga, tazama metakapo ya tatu na radiasi kama ziko kwenye mstari kabla hujasema lolote.

Hatua ya 8: utrasaundi, kwa ajili ya neva

Eksirei haioni neva. Kama swali ni ganzi ya vidole usiku, unahitaji neva ya mediani kwenye lile tundu la mbele ya kifundo, na utrasaundi inaipima vizuri bila mionzi. Probu (kile kifaa kinachogusa ngozi) ya mstari, megahezi 12 au zaidi, kiganja juu kwenye mto, vidole vimelegea, jeli nyingi, na usikandamize maana neva inabonyea ukapata namba ndogo ya uongo. Weka probu ya kukata upana usawa wa pisifomu upande mmoja na kivimbe cha skafoidi upande wa pili. Neva inafanana na sega la nyuki, vidoa vyeusi ndani ya nyuzi nyeupe. Kano za vidole ziko jirani, kuzitofautisha inamisha probu kidogo kidogo: kano zinazima na kuwaka, neva inabaki karibu vilevile. Au mwambie achezeshe vidole, kano zinakimbia, neva inasogea kiuvivu.

Zungushia ukingo wa ndani wa lile ganda jeupe, usilijumuishe. Wengi wazima wana milimita za mraba 7 mpaka 10, na sehemu nyingi mpaka wa kushuku kwamba neva imebanwa umewekwa karibu na 10, ila ulizia kwenu wametumia upi. Nzuri zaidi ni kupima mara ya pili juu kidogo, pale kwenye msuli bapa unaovuka radiasi na alna, alafu toa. Tofauti ya 2 au zaidi inatia shaka, na kwa njia hii mtu mwenye neva kubwa kwa asili haonewi. Kuna watu neva yao imegawanyika mbili na mshipa wa damu unapita katikati, ni maumbile tu, pima vipande vyote viwili na ujumlishe.

Hatua ya 9: rudia, andika

Pima kila kitu mara tatu, futa mistari kila mara, na ya tatu iwe siku nyingine bila kuangalia za mwanzo. Kama pembe zako zinatofautiana digrii 2 au 3 huo ni ubinadamu, chukua wastani. Zikitofautiana 8 tatizo ni nukta, karibu kila mara ni mhimili. Usiandike digrii 21.73, kompyuta inakupa desimali haikupi uhakika. Digrii nzima, na milimita kwa nusu nusu. Na kila inapowezekana kama mkono wa pili una picha tayari pima na wenyewe, mkono wa mtu mwenyewe ni kipimo kizuri kuliko wastani wa watu wasiomjua.

Kwenye ekseli yangu nina kolamu ya kwanza kabisa kabla ya namba zote, inaitwa "mkao", na ina majibu matatu tu: unafaa, unafaa kwa pembe tu, haufai. Mstari mmoja unaonekana hivi: mkono wa kushoto, mtu mzima, mkao unafaa, mteremko 23, urefu 11.5, alna hasi 0.5, mwinamo 10, skafoidi na lunati 48, kimo kwa kapiteti 1.56, matao yote matatu mazima.